Chama Kiko Mfukoni Mwako: Maneno kwa Vijana wa Karungu



Vijana wenzangu wa Karungu na Sori, na nyinyi mliotoka Muhuru Bay, Macalder na upande wa Homa Bay, ahsanteni kwa kuja. Najua wengine mmelala saa mbili tu, mmetoka ziwani na omena alfajiri. Sitawachosha. Maneno haya yatawekwa pia kwenye ukurasa wetu, kwa hivyo wewe unayesoma ukiwa mbali, jihesabu umekaa hapa nasi kwenye mkeka.

Naanza na swali. Toa simu yako. Usinijibu mimi, jijibu mwenyewe. Tangu Ijumaa iliyopita, umeona mara ngapi picha, video au meseji yenye jina la mwanasiasa? Na swali la pili: uliitafuta wewe, au ilikuja yenyewe?

Mwaka 2027, tarehe 10 Agosti, tutapiga kura In shaa Allah. Gari la vipaza sauti bado litapita hapa Sori likipiga muziki, na mheshimiwa bado atasimama juu akitupungia mkono. Lakini gari lile linapita saa moja, kisha linaenda zake. Simu unalala nayo. Ndiyo maana vyama vimehamia huko. Na mimi leo sitaki kukwambia chama gani ni kizuri na kipi kibaya. Nataka tuelewane jinsi wanavyotufikia, ili anayekuja kwako akukute macho.

Tuanze nyuma kidogo.

Uchaguzi wa 2007 hakukuwa na WhatsApp mikononi mwetu, lakini kulikuwa na meseji za kawaida. Meseji za chuki zilizunguka nchi nzima, mtu anatumia wenzake kumi, kila mmoja naye anatumia kumi. Tunajua yaliyofuata. Zaidi ya watu 1,000 walikufa na mamia ya maelfu wakahama makwao. Tume ya Uwiano na Utangamano, ile tunayoiita NCIC, ilizaliwa kwa sheria ya 2008 kwa sababu ya majeraha hayo.

Ikaja 2013. Mnakumbuka "dijitali" na "analogi"? Upande wa Uhuru Kenyatta na William Ruto walijiita watu wa dijitali, wapinzani wao wakabandikwa jina la analogi. Lile halikuwa neno la mchezo tu. Lilikuwa linakwambia wewe kijana: ukiwa na simu nzuri, wewe ni wa kwetu. Facebook na Twitter zikawa uwanja wa kampeni.

Ikaja 2017. Hapo pesa kubwa iliingia. Kampuni ya Marekani iitwayo Harris Media, yenye makao Texas, ilitengeneza tovuti ya kumsifu Uhuru na nyingine ya kumchafua marehemu Raila Odinga. Shirika la Privacy International ndilo lililofichua mwezi Desemba mwaka huo kwamba kampuni hiyo ndiyo iliyokuwa nyuma. Katika tovuti ile ya kumchafua kulikuwa na video ikionyesha Kenya ya 2020 imeporomoka, ati kwa sababu Raila ni rais. Ukitafuta jina la Raila kwenye Google wakati ule, tangazo la tovuti ile liliweza kukujia juu kabisa. Na wewe mtazamaji hukuambiwa ni nani alilipia.

Kisha Machi 2018, runinga ya Channel 4 ya Uingereza ikamrekodi kwa siri mkubwa mmoja wa Cambridge Analytica. Akajigamba kwamba kampuni yake ilifanya kazi Kenya katika chaguzi mbili, 2013 na 2017. Alisema walibadilisha sura ya chama, wakaandika ilani na kuwauliza maelfu ya Wakenya wanaogopa nini na wanatamani nini. Jubilee yenyewe ilikiri kwamba iliajiri kampuni ndugu, SCL, kwa kazi ya kutengeneza sura ya chama.

Nisikilizeni hapo. Waliuliza watu wanaogopa nini. Mtu akijua unachoogopa, hahitaji kukuonyesha mpango wa barabara wala hospitali. Anakutisha tu, nawe utaenda mwenyewe.

Ikaja 2022. UDA ikaja na "hustler" na wilibaro, Azimio ikaja na nyimbo zake, na TikTok ikajaa. Mtafiti wa Mozilla, Odanga Madung, alichunguza video zaidi ya 130 kutoka akaunti 33. Zilikuwa na uchochezi, vitisho vya kabila na habari za kughushi, na zilikuwa zimetazamwa zaidi ya mara milioni nne. TikTok yenyewe hairuhusu matangazo ya kulipia ya siasa. Lakini nani anahitaji tangazo la kulipia kama kijana wa kawaida anaweza kuposti video kama vile ni maoni yake tu?

Sasa nieleze njia zenyewe. Nimezipanga nne.

Njia ya kwanza ni sura. Mheshimiwa anapika chapati na akina mama. Mheshimiwa anapanda boda. Mheshimiwa anaposti "Idd Mubarak" akiwa na kofia, na picha ya msikiti nyuma. Sisi Waislamu hii tunaijua sana. Ramadhani ikiingia mwaka wa uchaguzi, posta za salamu ni nyingi kuliko tende. Si vibaya mtu kukupa salamu, na salamu hujibiwa. Lakini salamu si jibu la mtoto wa Kiislamu ambaye miaka na miaka amesumbuliwa kupata kitambulisho, akiulizwa cheti cha babu yake. Ukiona posta ya Idd, itikia, kisha andika chini yake: "Mheshimiwa, na suala la vitambulisho umefanya nini?" Februari 2025 Rais alitangaza akiwa Wajir kwamba ule uchunguzi wa ziada kwa watu wa maeneo ya mpakani umeondolewa. Vizuri. Basi kazi yetu ni kwenda ofisini kuona kama umeondoka kweli, si kushangilia posta.

Njia ya pili ni vijana wa kukodi. Hii inatuhusu sisi moja kwa moja. Mwaka 2021 Madung na mwenzake Brian Obilo walionyesha jinsi hashtegi zinavyopikwa Nairobi. Vijana wanawekwa kwenye grupu la WhatsApp, wanapewa maneno ya kuposti, picha za kuweka na saa ya kuanza. Malipo yalikuwa kama dola 10 hadi 15 kwa kushiriki kampeni tatu kwa siku. Walioshambuliwa walikuwemo majaji na watu wa haki waliopinga BBI. Asubuhi unaamka unakuta jambo linavuma nchi nzima, unadhani Wakenya wamekasirika. Kumbe ni watu waliolipwa, wengine wana akaunti nyingi mtu mmoja.

Najua hali ilivyo. Samaki wamepungua, mafuta ya injini yamepanda, na mtu akikuletea M-Pesa ya elfu moja kwa kubonyeza simu, ni vigumu kukataa. Sitakuhukumu. Lakini jiulize: jina lililoko kwenye posti ni la nani? Ni lako. Sheria ya NCIC inasema anayepatikana na hatia ya maneno ya chuki ya kikabila anaweza kutozwa hadi shilingi milioni moja, au kufungwa hadi miaka mitatu, au vyote viwili. Siku hiyo utasimama kortini peke yako. Aliyekutumia ile elfu moja atakuwa amekublock zamani.

Njia ya tatu ni orodha. Juni 2021 Msajili wa Vyama vya Siasa aliwezesha watu kuangalia kwenye eCitizen kama wao ni wanachama wa chama. Wakenya wengi walishtuka. Walijikuta wameandikishwa kwenye vyama wasivyovijua, na hawajawahi kutia sahihi. Kwa nini chama kifanye hivyo? Kwa sababu sheria inataka chama kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila kaunti, kwa zaidi ya nusu ya kaunti. Tuna kaunti 47, kwa hivyo ni kaunti 24. Hayo ni majina 24,000 na nambari za vitambulisho vyake. Kuyatafuta mlango kwa mlango ni kazi. Kuyachukua kwenye kitabu cha wageni langoni au kwenye orodha fulani ni rahisi.

Na jina lako likishakuwa kwenye orodha, linatembea. Mwaka 2017 watu walipata meseji za wagombea zikiwataja kwa jina na kituo chao cha kura. Mtu anadhani mheshimiwa anamjua. Hakujui, bana. Ana orodha tu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019, na tuna Kamishna wa Data wa kupelekewa malalamiko. Ni haki yako. Itumie.

Njia ya nne ni grupu letu la WhatsApp. Hapa nitasema jambo langu mwenyewe, na si la kujivunia.

Wiki ya uchaguzi wa 2017 niliingia kwenye grupu la watu wa mtaa nikakuta sauti ya mtu, dakika moja na nusu hivi. Anaongea akihema kama aliyekimbia. Anasema kuna mashua zimejaa watu, zinakuja usiku, wenye kabila fulani wajue wameshaisha. Hakutaja jina lake. Hakusema yuko ufuo gani. Mimi nikaituma kwenye magrupu manne kabla hata haijaisha. Niliona nasaidia watu.

Usiku ule mashua zetu hazikuingia ziwani. Akina mama walilala nje na watoto, kwenye mihogo. Tulikuwa na jirani mwenye duka, mtu wa kabila lingine, mtu aliyetukopesha unga miaka mingi. Alfajiri alifunga duka akapakia watoto akaondoka. Hakuna mashua iliyokuja. Baada ya miezi, rafiki yangu anayeishi mbali sana na ziwa hili akanichezea sauti ileile. Kwao nako ilifika wiki ileile, na wao wana mto tu.

Yule jirani hakurudi. Mfuko mmoja wa unga niliochukua kwa deni sijamlipa mpaka leo, kwa sababu sijui nimpelekee wapi. Nimetubu, lakini deni la mtu ni la mtu.

Ni chama gani kilianzisha sauti ile? Haina mwenyewe. Na huo ndio mtego wa WhatsApp. Kwenye Facebook unaweza kuona jina la ukurasa. Kwenye WhatsApp neno la muongo linafika kwako likiwa na jina la shangazi yako. Unaliamini kwa sababu unamwamini shangazi. Dini yetu ilishatuamuru tuthibitishe habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga kisha tujute. Mimi nilikuwa naijua Surat Hujurat kwa moyo siku ile. Kidole kikawa haraka kuliko moyo.

Na msidhani wenye mitandao watatulinda. Julai 2022, wiki chache kabla ya kura, shirika la Global Witness liliipima Facebook. Walipeleka matangazo yenye maneno ya chuki na wito wa mauaji, kwa Kiingereza na kwa Kiswahili, ili waone kama yatakataliwa. Ya Kiswahili yalikubaliwa. Wao wenyewe wakayazuia yasirushwe. NCIC ikaipa Facebook siku saba ijirekebishe. Basi fahamu hivi: lugha yetu hii tunayozungumza hapa, mashine zao haziilindi. Mlinzi ni wewe.

Lakini nikimaliza hapo nitakuwa sijawatendea haki. Simu haikuletwa na shetani. Kuna mema tuliyoyaona.

Mwaka 2022 IEBC iliweka Fomu 34A kwenye tovuti, kituo kwa kituo, vituo zaidi ya 46,000. Mtoto wa shule hapa Karungu mwenye bando la shilingi 50 aliweza kufungua fomu ya kituo chake, kuilinganisha na hesabu aliyoisikia usiku wa kura, na kujumlisha mwenyewe. Watu walifanya hivyo. Hiyo ni nguvu ambayo wazee wetu hawakuwa nayo.

Juni 2024 vijana wasio na chama walisoma Mswada wa Fedha kwenye TikTok na X. Waliufafanua kwa lugha za makabila, wakaujadili usiku kucha. Rais alikataa kuutia sahihi tarehe 26, siku moja baada ya vijana kuingia Bunge. Lakini damu ilimwagika, na hatuwezi kuisahau. Vyama vyote vilishtuka siku zile, vya serikali na vya upinzani, kwa sababu kwa mara ya kwanza vijana hawakusubiri waambiwe waseme nini.

Na Juni 2025, hapa jirani yetu Homa Bay, mwalimu na bloga Albert Ojwang alichukuliwa na polisi nyumbani kwa wazazi wake kwa sababu ya maneno ya mtandaoni kuhusu mkubwa wa polisi. Alipelekwa Nairobi, akafia mikononi mwa polisi katika Kituo cha Central. Polisi walisema alijigonga ukutani. Madaktari waliompasua wakasema majeraha yale hayalingani na maelezo hayo. Baadaye maafisa wa polisi walishtakiwa kwa mauaji. Simtaji kuwatia hofu. Namtaja ili mjue neno la mtandaoni lina uzito. Anayetaka kukulipa elfu moja utukane mtu, amepima uzito huo akaona heri uubebe wewe.

Sasa tufanye nini? Nitasema mambo machache ambayo yanawezekana hata kwa simu iliyopasuka kioo.

Moja. Leo kabla ya Maghrib, ingia kwenye eCitizen, upande wa Msajili wa Vyama, uangalie kama umeandikishwa chama. Ukikuta jina lako mahali hukulipeleka, jiondoe, upige picha ya kioo kama ushahidi, upeleke malalamiko kwa Kamishna wa Data. Msaidie na mama yako, kwa maana wazee ndio hawajui kabisa.

Mbili. Meseji ikiwa na mishale miwili juu yake, WhatsApp inakwambia imepita mikono mingi. Usiitume. Mpigie aliyekuletea umuulize: umeona kwa macho yako? Nani mwingine ameona? Asipojibu, ife kwako. Na ikitaja hatari, piga simu kwa mtu aliye pale. Simu moja ingeniokoa mimi mwaka 2017.

Tatu. Ukiona tangazo la siasa Facebook, angalia limelipiwa na nani. Kuna maktaba ya matangazo yao, iko wazi kwa kila mtu. Andika jina la ukurasa utafute. Ukurasa unaoitwa "Sauti ya Wananchi" wa kitu fulani, uliofunguliwa mwezi uliopita na unaomwaga pesa, si sauti ya mwananchi. Mwananchi gani ana pesa hiyo?

Nne. Geuza meza. Wanakuja kwetu kwa simu, basi na sisi twende kwao kwa simu. Lakini kwa maswali yetu, si kwa matusi. Tuulize: gugu maji likiziba ufuo, kaunti ina mpango gani? Mvuvi wetu akikamatwa upande wa Migingo, ni ofisi gani inamfuatilia, na ilimfuatilia nani mwaka jana? Barafu ya kuhifadhi samaki tutaipata lini, ili tusiuze mbuta kwa bei ya mnunuzi? Andika swali moja, wote tuweke swali hilohilo chini ya kila posti ya kila mgombea, wa chama chochote. Tusibadilishe mpaka lijibiwe. Mgombea anaweza kuwapuuza watu mia wanaotukana. Watu mia wanaouliza swali moja kwa adabu, hao wanamkosesha usingizi.

Tano, na hii ndiyo kubwa. Jiandikishe kura. Mwaka 2022 wapiga kura wa miaka 18 hadi 34 walikuwa karibu asilimia 40 ya daftari, na idadi yao ilipungua ukilinganisha na 2017. Yaani tulijaza mitandao tukapunguza daftari. Kwenye TikTok tuko wengi sana. Kwenye foleni ya IEBC tuko wapi? Vyama vinajua hesabu hiyo. Ndiyo maana wanakutumia wewe kupiga kelele, lakini mpango wa maendeleo wanampelekea yule mzee asiye na simu ambaye hakosi kupiga kura.

Vijana wangu, mtakaporudi nyumbani usiku huu simu zitalia. Chama fulani kitakutumia video. Cheka ikiwa inachekesha. Soma ikiwa ina la maana. Lakini kabla ya kubonyeza, mkumbuke yule mwenye duka aliyepakia watoto wake alfajiri. Hakuwa kwenye grupu letu. Hakuisikia hata ile sauti yenyewe. Aliona tu majirani zake wakimtazama vibaya, naye akaelewa.

Kama yuko mahali anasoma haya, namwambia: nisamehe ndugu yangu, na nijulishe ulipo nikulipe unga wako.

Mwenyezi Mungu atulinde na shari ya ndimi zetu na ya vidole vyetu, na aijaalie nchi yetu amani. Wabillahi tawfiq.

Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.